Aprili 7 isikumbukwe kwa wasanii wa ng'ambo pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie safu za "Siku kama ya leo". Juzi mjukuu wangu wa darasa la sita alinionyesha moja aliyoibandika kwenye daftari lake, kingo zikiwa zimekunjamana kwa gundi: chini ya Aprili 7 yalikuwamo majina ya Billie Holiday, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1915, na Jackie Chan, aliyezaliwa mwaka 1954. Nilimuuliza kwa nini tarehe hiyo ni sikukuu ya kitaifa. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, asione jibu.

Tarehe hiyo, mwaka 1972, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui, Unguja. Tarehe hiyo hiyo mwaka 1994 yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kudunguliwa usiku uliotangulia ikikaribia kutua Kigali, naye akitokea kwenye mkutano wa viongozi uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam. Inaniuma kuona mtoto wa jiji hili halijui hilo.

Shirika la Afya Duniani nalo lilianza Aprili 7, mwaka 1948.

Wasanii hao wabaki, wanastahili; ila ninawasihi waandaaji waanzie Kisiwandui na Kigali, kwa maelezo ya kutosha, ndipo wavuke bahari.

Mzee wa Temeke,
Dar es Salaam