Shirikisho: Tuambiwe kwanza nani atafanya nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari mliyochapisha kuhusu shirikisho la Afrika Mashariki, wazo ambalo Nyerere, Kenyatta na Obote walilitangaza Nairobi Juni 1963. Wengi wanabishania nani atakuwa rais. Swali zito ni serikali ipi, ya shirikisho au ya kila nchi, itafanya nini, na kwa fedha zipi.

Marekani ilikwama hapo hapo. Chini ya mkataba wake wa mwanzo, ulioanza kutumika 1781, Bunge la pamoja halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Liliyaomba majimbo, nayo yakatoa yalipopenda. Ndipo wajumbe walipokutana Philadelphia mwaka 1787 wakaandika Katiba iliyoipa serikali kuu kodi, ulinzi na usimamizi wa biashara baina ya majimbo. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki nayo inaishi kwa michango ya wanachama, na mara nyingi huchelewa.

Sisi wa Tanga jambo hili linatugusa. Mchuuzi anayevusha machungwa ya Muheza pale Horohoro, mpakani na Kenya, ana haki ya kujua ushuru na vibali vitakuwa chini ya nani. Wataalamu wa katiba watoe orodha ya madaraka hayo kwa Kiswahili, waje nayo mpakani ijadiliwe kabla marais hawajatia saini.

Msomaji wenu,
Tanga