Wachezaji wa Missouri hawakuwa peke yao

Bwana Mhariri,

Februari 2024, Leopards, timu yetu ya taifa, walipoziba kinywa kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye kipanda uso kama bastola wakati wa wimbo wa taifa, kulalamikia mauaji ya mashariki mwa nchi, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika na Kodivaa, nilimsikia jirani yangu hapa Kamalondo akisema kwamba mchezaji kazi yake ni mpira tu. Wiki hii nimesikia kinyume chake: vijana wanawataka wachezaji wa ekipe, yaani timu, ya chuo chao wasusie mechi kwa sababu ya wenzao wanaotukanwa kwa kabila lao, na mfano wanaoutoa ni wa Missouri, Marekani.

Mfano huo naukumbuka kwa sababu ya tarehe zake. Tarehe 8 Novemba 2015 sisi tulikuwa tukiimba, timu yetu ya Mazembe imeifunga USM Alger ya Algeria na kombe la vilabu bingwa vya Afrika limebaki Lubumbashi. Usiku uliotangulia, wachezaji Weusi wa Chuo Kikuu cha Missouri, wale wa mpira wa Kimarekani, walikuwa wametangaza kwamba hawatafanya mazoezi wala kucheza mpaka Tim Wolfe, rais wa kampasi zote za chuo hicho, aondoke, kwa kuwa aliyapuuza malalamiko ya ubaguzi wa rangi. Tarehe 9 Wolfe akajiuzulu, na siku hiyohiyo mkuu wa kampasi naye akatangaza kuachia kiti chake.

Vijana wetu huishia hapo. Hawasemi kwamba mwanafunzi Jonathan Butler alikuwa amegoma kula tangu tarehe 2, wala kwamba mwezi Oktoba wanafunzi walikuwa wameshazuia gari la Wolfe katika gwaride la chuo, wakiwa katika kundi lililojipa jina lenye mwaka 1950, mwaka ambao chuo hicho kilimpokea mwanafunzi Mweusi wa kwanza. Wachezaji waliukuta moto unawaka. Walichoongeza ni hesabu: mechi ya Jumamosi iliyofuata dhidi ya chuo cha BYU ingekosekana, chuo kingelipa faini ya dola milioni 1. Kocha wao, Gary Pinkel, naye alisimama nao hadharani, jambo ambalo mimi naliona zito kuliko hiyo milioni.

Nasema hivyo kwa sababu ya Wyoming, jimbo jingine la Marekani. Mwaka 1969 wachezaji 14 Weusi wa chuo cha huko walimwendea kocha wao wakiwa wamevaa vitambaa vyeusi mkononi, wakitaka kuzungumza naye juu ya kupinga ubaguzi katika mechi na BYU hiyohiyo. Aliwafukuza wote katika timu siku ileile, na chuo kilikuja kuwaomba radhi rasmi mwaka 2019, baada ya miaka 50.

Kijana wa ekipe ya chuo hapa kwetu hulipa minervali, yaani ada ya masomo, yake mwenyewe, na viatu mara nyingi ni vya kuazima. Akisusia, mechi itaahirishwa na hakuna ofisi itakayopoteza hata franka moja. Wanaomsukuma mbele wamwonyeshe kwanza kocha atakayesimama naye, na wanafunzi watakaokaa pamoja naye mlangoni pa rekta, mkuu wa chuo, siku atakayoitwa kujieleza.

Msomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi