Wifi, kabla hujalipa hicho kianzio

Wifi yangu,

Umeniuliza kwa siri kuhusu kuwekewa silikoni kwenye matiti, nami nakujibu hadharani, ila jina lako limebaki nyumbani. Nimefanya hivyo kwa sababu tangu nihamie wodi ya upasuaji kina mama wenye swali kama lako hawaishi, na wengine huja wakiwa wameshalipa. Sikukatazi. Mwili ni wako, na kaka yangu nimeshamwambia akae pembeni.

Unasema tangu umnyonyeshe huyu wa mwisho matiti yamelala. Basi ujue kifuko cha silikoni kazi yake ni kujaza, hakinyanyui ngozi iliyolegea. Kama chuchu imeshashuka chini ya mkunjo, pale titi linapokutana na kifua, ukijaza tu utapata titi kubwa lililolala vilevile. Kunyanyua ni upasuaji wa aina nyingine, wenye kovu la kuzunguka chuchu na mara nyingi mstari unaoshuka hadi kwenye mkunjo. Kuna wanaofanyiwa vyote kwa pamoja. Lipi linakufaa wewe, daktari atalijua akikupima ana kwa ana, siyo kwa picha ulizomtumia WhatsApp akakurudishia bei. Na usikubali kuuziwa usichokifuata. Timmie Jean Lindsey, mama wa Texas aliyekuwa wa kwanza kuwekewa silikoni mwaka 1962, alikwenda hospitali kufutwa tatuu, madaktari ndio wakampa wazo la matiti. Yeye alichokuwa anakitaka ni masikio yake yarekebishwe! (Walimrekebisha na hayo masikio.)

Siku yenyewe haina mambo mengi. Unapigwa nusu kaputi, na ndani ya saa moja au mbili wamemaliza. Mkato wa sentimita chache huwa chini ya titi, pembeni ya chuchu au kwapani, na kifuko hukaa juu ya msuli wa kifua au chini yake. Kama bado unawaza mtoto mwingine, sema mapema, maana mkato wa pembeni ya chuchu ndio unaoweza zaidi kugusa mirija ya maziwa.

Kazi iko nyumbani. Kliniki zitakwambia usibebe kitu kizito wiki nne hadi sita, ukaitikia tu. Sasa fikiria jikoni kwako. Ugali wa uwele ukishakaza, mwiko unausukuma kwa msuli uleule wa kifua, ambao huwa wameutenganisha kama kifuko kimekaa chini yake. Geti lenu linalokwama, dumu la maji, mtoto anayenyoosha mikono abebwe: vyote hivyo ni kifua. Bodaboda za kwenye makorongo ya huko kwenu nazo zisubiri. Utalala chali, na sidiria ya kubana utaivaa usiku na mchana kwa wiki kadhaa, kwa hiyo Oktoba na Novemba jua letu hili likiwaka utateseka bure. Mimi ningechagua Juni au Julai, hata kama upepo wa Dodoma na vumbi lake vitakulazimu kufunika mshono vizuri.

Mwanzoni matiti yatakaa juu, yamevimba, pengine hayalingani. Yape miezi mitatu hadi sita ndipo uyahukumu. Chuchu huweza kufa ganzi, na kwa wengine hali hiyo haiishi.

Usipande treni ya SGR kurudi nyumbani kesho yake eti Dar ni karibu siku hizi. Damu ikivujia ndani, mara nyingi ni siku ya kwanza, na titi moja likivimba ghafla unarudishwa thieta. Homa, usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana: usisubiri kunipigia mimi, kimbia hospitali.

Sasa linalonifanya nikuandikie. Kifuko si cha maisha. Mwili hukijengea utando kukizunguka, na kwa baadhi ya wanawake utando huo hukaza hadi titi likawa gumu, likapoteza umbo, likauma. Hapo mara nyingi dawa ni kisu tena. Silikoni pia inaweza kupasuka bila wewe kuhisi chochote, ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri kipimo cha ultrasaundi au MRI mwaka wa tano au wa sita, halafu kila baada ya miaka miwili au mitatu. Hesabu yako, wifi, iweke na vipimo hivyo, na upasuaji wa pili. Bima usiitegemee.

Uliza pia ni kifuko cha kampuni gani. Poly Implant Prothèse ya Ufaransa ilijaza vyake silikoni ya viwandani, na ilipogundulika mwaka 2010 vilikuwa vimeshaingia vifuani mwa wanawake wa nchi nyingi. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan nayo iliondoa sokoni vile vifuko vyake ambavyo juu yake vinakwaruza, si laini, kwa sababu ya saratani moja adimu inayoota kwenye utando. Kwa hiyo dai kadi yenye jina la kifuko na namba yake, uihifadhi pamoja na kitambulisho cha NIDA. Jina la daktari lihakikishe Baraza la Madaktari Tanganyika. Akikasirika kuulizwa, jibu umeshalipata.

Watoto waje kwangu, usijali. Ila huyo mdogo anayelala kifuani kwako, mzoeshe kitanda chake kuanzia sasa, kabla hujapangiwa tarehe.