Asante, dada wa saiba ya Kondele

Dada uliyekuwa ukichapisha karatasi zako kwenye saiba (duka la intaneti) ya Kondele, hapa Kisumu, jina sikukuuliza, lakini asante sana. Binti yangu ana C+ ya mtihani wa kidato cha nne, na nafasi zote za KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, alikuwa amejaza uuguzi, kuanzia Chuo Kikuu cha Maseno hadi cha Masinde Muliro, kwa sababu shangazi zake walishaamua. (Shangazi hao!) Ukavuta kiti, ukamlinganishia pointi zake za klasta (za masomo ambayo kozi inayazingatia) na alama za chini kabisa zilizokubaliwa mwaka uliotangulia, kozi baada ya kozi. Kisha ukamuuliza: wewe mwenyewe unapenda nini? Akajibu, udongo na mimea. Sasa kilimo cha Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, ndicho chaguo lake la kwanza. Soda uliikataa ukisema matatu ya Busia inajaa. Ukirudi Kisumu, samaki wa Dunga ni juu yangu.