Mama Kelvin, usilipe kwanza

Majengo, Moshi
Jumapili jioni

Mama Kelvin mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Natumaini hapo Mbagala mko salama na kifua cha Baba Kelvin kimetulia. Huku hatujambo. Irene anakusalimu, na bibi yake wa Kibosho anauliza utapanda lini uje ule machalari.

Niingie kwenye jambo lenyewe, maana kesho asubuhi unakwenda Kariakoo na simu yako haipatikani tangu mchana. Ile laptopu uliyonitumia picha, nyekundu, mpya ndani ya boksi, ya laki nne na thelathini: nakuomba dada yangu, usiilipie. Najua umezunguka juani kwa ajili ya Irene na muuzaji amekuahidi kukuwekea hadi saa nne. Mwambie amuuzie mwingine.

Nilikuza ile picha nikasoma kibandiko chake. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni Celeron, ile ya daraja la chini. RAM, kumbukumbu ya kazi inayoendelea, ni GB 4, na hifadhi ya mafaili ni ya aina ya eMMC, GB 64. Microsoft wenyewe wanasema Windows 11 haitaki chini ya hapo, GB 4 na GB 64. Kwa hiyo mashine hiyo imefika mlangoni tu, haina akiba yoyote. Windows ikishakaa humo na kujisasisha, nafasi inayobaki ni ya kugombania. Sasa mtoto afungue Excel, afungue na kurasa za intaneti anazosomea, halafu wenzake wa kikundi wampigie kwa Zoom. Itaganda. Na anakwenda kusoma uhasibu, Mama Kelvin, Excel ndiyo jembe lake kwa miaka mitatu yote pale Chuo cha Ushirika.

Nilipita kwa yule fundi wa Double Road, yule aliyetutengenezea kompyuta ya usharika. Kwa bahati mezani alikuwa na mashine mbili zimefunguliwa mgongo, moja ndogo mpya ya aina hiyohiyo yako, nyingine HP EliteBook ya zamani. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Kwenye ile ndogo, hifadhi ni kidude cheusi kilichochomelewa kwenye ubao wenyewe, na RAM vivyo hivyo. Ikijaa imejaa, ikifa unatupa mashine nzima. Kwenye EliteBook RAM imekaa kwenye nafasi yake, inashikwa na vibanio viwili pembeni. Ukivisukuma na vidole inanyanyuka yenyewe. SSD yake, yaani hifadhi, ni kipande kirefu chembamba kama bigijii, kimeshikwa na skrubu moja. Mwakani tukipata hela tunaongeza RAM, basi. Nilitoka pale nimeshaamua.

Kwa hiyo ninachotaka ni mtumba, lakini mtumba wa ofisini, zile mashine ambazo makampuni ya Ulaya na Marekani huzitumia miaka michache kisha huziuza kwa mkupuo. HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 au Lenovo ThinkPad T480. Zote zilitoka 2018. RAM isipungue GB 8, SSD GB 256. Baba Irene hataki kusikia neno mtumba, anasema mtoto wa chuo apewe kitu chenye boksi. Nimemuuliza kama boksi ndilo litakalofanya mtihani. Amenyamaza, ila bado hajakubali, kwa hiyo ukimpigia usimwambie bei kabla sijaongea naye.

Sasa hapa ndipo ninapotaka Kelvin akae karibu yako asome na yeye. Msiangalie neno i5 au i7, majina ya prosesa, peke yake. Wauzaji wanapenda kupiga kelele "hii Core i7 mama!" kumbe ni i7 ya 2013. Angalieni namba inayofuata baada ya kistari. Ikiwa i5-8250U au i5-8350U, hiyo 8 ya mwanzo ndiyo kizazi chake, kizazi cha nane, na ndicho tunachotaka. Ikianza na 10 au 11 ni mpya zaidi, chukua kama bei inaruhusu. Ikianza na 6 au 7, rudisheni. Sababu ni mbili. Windows 10 Microsoft waliiachia mkono tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane kwa mashine za namna hii. Halafu i5 za laptopu hizi za kizazi cha saba zilikuwa na viini viwili tu vya kufanyia kazi. Cha nane zikawa na vinne. Mtu anaiona tofauti hiyo hata kama hajui kompyuta.

Na msidanganyike na kinachoonekana kwenye kioo. Mafundi wanajua kulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya kizazi cha sita, ikawaka vizuri kabisa dukani. Hata jina la mashine lisikutosheni, maana zipo 840 G5 na Latitude 7490 zilizotoka na prosesa ya kizazi cha saba. Kelvin ashike kitufe cha Windows pamoja na herufi R, aandike msinfo32, abonyeze Enter. Prosesa itajitaja yenyewe.

Betri nayo. Wewe unajua umeme wa huku unavyokatika, na hosteli ndiyo usiseme. Afungue lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), aandike powercfg /batteryreport. Itatoka ripoti yenye namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo iliobaki nao. Ile 840 G5 ilianza na kama mWh 50,000 (mWh ni kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri). Ikiwa imebaki 40,000 hivi, tunashukuru Mungu. Ikiwa 20,000, ama wabadilishe betri ama bei ishuke. T480 mimi naipenda kwa hilo, ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma, hivyo ya nyuma ikichoka unanunua ile tu. Tena hiyo na 840 G5 zinakubali chaja ya USB-C, akisahau yake nyumbani anaazima ya mwenzake.

Mengine ni madogo lakini yanauma. Muizime na kuiwasha tena, muingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, kwa kubonyeza kitufe inapowaka: HP ni F10, Dell F2, ThinkPad F1. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, ondokeni, huenda ni mashine ambayo kampuni haijaifungua. Kibodi iangalieni kwa macho. Mtoto wa Mama Doreen aliletewa yenye herufi za Kijerumani, Z imekaa mahali pa Y, mpaka leo anaandika akijikwaa. Ifungueni na kuifunga kioo mara kadhaa, msikilize bawaba. Na risiti, tafadhali, risiti ya EFD, ile ya kodi, yenye namba ya laptopu yenyewe, na muuzaji aandike garantii ni ya muda gani.

Hela nilizonazo ni laki sita. Laki tano za kikoba, laki moja mama mkwe ametoa kwenye kahawa yake, mwenyewe, bila kuombwa. Alimwita Irene akamwekea mkononi. Kwa hiyo unaelewa kwa nini sitaki laki nne na thelathini ziende kwa kitu kitakachokufa kabla ya mwaka wa pili. Huku Double Road 840 G5 wanataja laki sita na nusu na hawashuki. Naamini Kariakoo utapata kwa laki tano na nusu, kwa ulimi wako ule. Programu tusizilipie chochote. Muuzaji akikuambia anakuwekea za "kuvunja", yaani za wizi zisizo na leseni, kataa, virusi huingia kwa njia hiyo. Irene ataanza na LibreOffice, ni ya bure, na mafaili ya Excel inayafungua.

Halafu lile la kikundi cha akina mama... hapana, hilo nitakupigia.

Sasa nijibu haya. Umeshatoa hela yoyote ya kushika kwa yule wa nyekundu? Kama umetoa, ni kiasi gani, na atarudisha? Kelvin anaweza kuomba ruhusa kazini aende na wewe, au nimpigie mimi nimwombe? Duka lile la Mtaa wa Aggrey ulikonunulia simu bado lipo, na laptopu wanauza? Ukiipata, utaituma kwa basi au unamjua mtu anayepanda huku wiki hii? Na wewe mwenyewe goti linaendeleaje, mbona hukulitaja kabisa?

Irene anaripoti chuo mwezi ujao, muda tunao. Ukikosa kesho, rudi nyumbani mikono mitupu, sitakasirika hata kidogo. Ila washa simu ukishaamka.

Akupendaye,
Mama Irene