Barua kwa mwanangu: moyo ukienda mbio

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu Neema,

Uliponipigia usiku ukasema moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, na daktari amekupima akakuta moyo mzima, nilinyamaza. Si kwamba sikukuamini. Hali hiyo naijua, ila sijawahi kukusimulia.

Unakumbuka dhoruba iliyopindua boti ya baba yako? Alirudi asubuhi amekumbatia dumu, mzima. Mimi nikaacha kushuka mwaloni. Nikisikia tu injini ya boti, pumzi inakata. Dagaa wangu akawa anawaanika shangazi yako. Siku nisiyoshuka nilipata nafuu, lakini kesho yake hofu ilikuwa imeota mizizi zaidi. Majirani wakasema jini. Nilisali, na bado nasali, ila muuguzi mmoja, Mungu ambariki, akanielekeza kwa mshauri nasaha.

Alinieleza kwamba mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, kemikali ya mwili ya kukuandaa ukimbie au upigane, ndiyo maana moyo unadunda na tumbo linavuruga. Kwangu king'ora kilikuwa kinalia wakati hatari haipo. Akanipa daftari: upande huu niandike wazo, upande huu ushahidi. Njia hiyo, alisema, imetokana na kazi ya daktari Mmarekani, Aaron Beck, ya miaka ya 1960. Niliandika, "Boti ikitoka, watu wanakufa." Akaniuliza wiki hii zimerudi ngapi. Nikaenda kuzihesabu.

Kisha tukasogea kidogo kidogo. Kwanza nisimame kwenye mwembe, ziwa nilione kwa mbali. Halafu kwenye vichanja. Halafu miguu majini, na nisiondoke mpaka hofu ishuke yenyewe. Siku ya maji nilishika kamba ya mtumbwi hadi ikaniacha alama viganjani. Moyo ulipiga, ukapiga, halafu ukatulia taratibu, na mimi bado nimesimama palepale. Nililia, mwanangu.

Ilichukua miezi kama mitatu, kikao kimoja kwa wiki. Wengine huhitaji na dawa pia; hilo daktari atakwambia. Kwenda kwa mshauri si kuwa kichaa, na mtu asikutishe kwa neno hilo.

Uliza hapo chuoni kama wana mshauri. Kama ni wa kulipia, nimeshauza magunia mawili ya dagaa. Daftari langu nimelifunga pamoja na migebuka mikavu, utalipokea stendi Jumamosi. Ukishamwona nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako