Kabla Hujapanda Basi la Pwani

Kilifi, Jumapili jioni

Ndugu yangu Ambani,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mvua imenyesha siku tatu mfululizo na vyura hawatulii. Nimefurahi kusikia uhamisho wako umepita. Lakini barua yako, kurasa mbili nzima, ni nyoka tupu! Nani kakwambia hongo, huyo unayemwita "mamba wa kijani", hujirusha kutoka mtini akaangukia vichwa vya watu? Acha tuyamalize kabla hujapanda basi.

Kwanza jina. Ukisema "mamba" huku, watu watageuka kutazama mtoni. Neno "mamba" kwa maana ya nyoka lina asili yake kwa Wazulu. Kwa Kiswahili ni hongo, ingawa huyu hahongeki.

Siku nisiyoisahau ni ile ya mwembe wa nyuma ya jiko. Ndege aina ya shore walijaa tawi moja wakipiga kelele kama wamefiwa. Nikasimama chini nikikodoa macho kwa muda mrefu, naona majani tu. Halafu jani moja likatoa ulimi. Alikuwa amejinyoosha juu ya tawi, karibu mita mbili, mwembamba, kijani kibichi kinachong'aa, hana doa hata moja. Tukaenda kula, tukarudi, yuko palepale. Watoto wakachoka kumtazama wakaenda kucheza mpira.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba huo uvivu ndio tabia yake. Watafiti waliwahi kufuatilia hongo wawili hapahapa Kenya kwa siku 27, wakakuta kwa wastani wanasogea kama mita 5 kwa siku. Mita tano, Ambani! Huyo ndiye wa kukukimbiza wewe? Yeye hukaa akingoja chakula kimjie: ndege, makinda, mayai, popo, panya wanaopanda miti. Chini hushuka kwa nadra. Akikuona, analotaka ni kupanda juu zaidi.

Watu wa hapa hulalamika kwamba siku hizi nyoka wamehamia majumbani. Mimi sikubali. Hongo ni wa misitu ya pwani, ile yenye unyevunyevu na matawi yaliyoshikana, kuanzia kwetu, kupitia Tanzania na Msumbiji, hadi KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Hapa kwetu misitu hiyo imebaki vipande: Arabuko-Sokoke, Shimba Hills, na kaya zetu za Wamijikenda, yaani misitu mitakatifu ya mababu, zile zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Babu alitukataza kuvunja hata kijiti kayani, na hakuwa anamfikiria nyoka. Kwingineko tulifyeka, kisha tukapanda miembe, mikorosho na minazi. Sasa mwembe mkubwa wenye majani mazito una tofauti gani na msitu, ukiwa wewe ni hongo? Kivuli kipo, ndege wapo. Hakuhama popote, sisi ndio tuliomjengea kwenye kiwanja chake.

Halafu wewe mtu wa Kakamega unanicheka mimi! Huko kwenu msituni kuna binamu yake, mwenye mkia mweusi. Wataalamu walimpa jina la kaimosae mwaka 1936, kutokana na Kaimosi, hapo jirani na kwenu. Umekua karibu naye miaka yote hiyo na hukumjua.

Si kila nyoka wa kijani ni hongo. Wengi utakaowaona ni ukukwi, wadogo, wenye macho makubwa, wasio na madhara kwa mtu. Hongo ana kichwa kirefu chembamba na jicho dogo. Ila usijitie ujuzi. Hongo mchanga ni mwembamba kama hao ukukwi, na kumpambanua si kazi ya mgeni. Ukiona wa kijani, rudi nyuma, mwache. Watamu kuna kituo cha nyoka cha Bio-Ken, alichokianzisha James Ashe mwaka 1980, na watu wa pale ndio wenye kazi ya kushika nyoka.

Sumu yake si ya kufanyia mzaha. Hushambulia mishipa ya fahamu, na ikizidi mtu hushindwa kupumua. Akiumwa mtu, asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza. Alazwe, asitembee, kiungo kifungwe ubao kisichezecheze, apelekwe hospitali mbio. Wapo wanaoumwa kwa sababu walijaribu kumuua nyoka au kumshika, na hongo ndiye rahisi kuliko wote kumwacha alipo.

Sasa nyumba. Nimekupatia moja nzuri, vyumba viwili, ila tawi la mwembe limelala juu ya bati, na hiyo ndiyo njia ya nyoka wa mtini kuingia darini. Nimemwambia mwenye nyumba alipunguze, liachane na paa kwa mita kadhaa. Alitaka kuukata mwembe wote kwa ajili yako, nikamkatalia. Maembe yake nayajua tangu utotoni.

Niandikie siku ya safari nije kukupokea stendi. Msalimie mama na watoto.

Wako,
Kazungu